Mgombea Huru: Kwa Nini Aweza Kuishinda Kaunti na Asiweze Kuishinda Nchi?

Mwezi wa Agosti 2017 mtu wa Embu, Bwana Joseph Nyagah, alisimama kugombea Urais wa Kenya bila chama chochote nyuma yake. Hakuwa mtu mgeni katika siasa. Baba yake, marehemu Mzee Jeremiah Nyagah, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958, akawa Waziri kwa miaka mingi baada ya Uhuru. Yeye mwenyewe alikuwa Mbunge wa Gachoka, kisha akawa Waziri wa Ushirika. Matokeo yalipotangazwa, Bwana Nyagah alikuwa wa tatu kati ya wagombea 8. Kuwa wa tatu katika wanane si jambo la kudharauliwa. Lakini kura zake zilikuwa 42,259, yaani kura 28 katika kila kura 10,000 zilizopigwa.

Miaka mitano baadaye, Agosti 2022, Bibi Kawira Mwangaza alisimama kugombea Ugavana wa Meru, naye pia bila chama. Walioshindana naye hawakuwa watu wadogo. Mmoja alikuwa Bwana Kiraitu Murungi, Gavana aliyekuwa madarakani. Wa pili alikuwa Bwana Mithika Linturi, Seneta wa kaunti hiyo. Bibi Mwangaza akawashinda wote wawili, akawa mwanamke wa kwanza kuwa Gavana wa Meru.

Basi hapa pana swali ambalo lafaa kujibiwa. Mmoja aliyesimama bila chama alipata kura chache sana. Mwingine, katika nchi ile ile na chini ya Katiba ile ile, alipata cheo. Wengine hujibu upesi kwamba ni bahati. Wengine husema ni fedha. Mambo hayo yana nafasi yake, lakini sababu kubwa iko mahali ambapo watu wengi hawapaangalii, nayo ni kanuni ya kuhesabu kura. Mwenye kuifahamu kanuni hiyo atajua lini mgombea huru ana nafasi ya kweli na lini hana. Atajua pia kwamba kushinda ni jambo moja, na kutawala ni jambo jingine.

MGOMBEA HURU NI NANI

Mgombea huru ni mtu anayeomba kuchaguliwa kwa jina lake mwenyewe, bila kupendekezwa na chama cha siasa. Kifungu cha 85 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinamruhusu kufanya hivyo, maadamu si mwanachama wa chama chochote, wala hakuwa mwanachama katika muda wa miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Tena yampasa kuonyesha kwamba wako watu wanaomtaka. Anayetaka kiti cha wadi hutakiwa kuungwa mkono na wapiga kura 500 wa wadi hiyo. Anayetaka Ubunge, 1000. Na anayetaka Useneta, 2000.

Anayetaka Urais ana mzigo mkubwa zaidi. Katiba inataka aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 2000 katika kila kaunti, na kaunti hizo ziwe zaidi ya nusu ya kaunti zote 47. Maana yake ni kaunti 24, na sahihi 48,000. Msomaji aziweke sahihi hizo kando ya kura 42,259 alizopata Bwana Nyagah. Ataona mara moja kwamba kumtilia mtu sahihi ili apate kusimama si sawa na kumwahidi kura. Watu wengi hupenda jina la mtu liwe katika karatasi, lakini siku ya kuchagua ikifika huangalia ni nani awezaye kushinda.

Tena yafaa kusema kwamba si kila mgombea huru huchukia vyama. Wengi wao ni watu walioshindwa katika kura za mchujo za vyama vyao, au walioona kwamba mchujo huo haukuwa wa haki, wakaamua kwenda kwa wananchi moja kwa moja. Kwa hiyo mgombea huru ni kama mlango wa pili wa nyumba. Yule aliyefungiwa mlango wa mbele na wakuu wa chama aweza kupita huko, ikiwa wapiga kura watamfungulia.

MLANGO ULIOFUNGWA NA KUFUNGULIWA TENA

Katika wilaya za Meru na Embu jambo hili si geni. Waafrika wa Kenya walipiga kura ya kuwachagua wajumbe wao wenyewe wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza mwezi wa Machi 1957. Wakati huo wa Hali ya Hatari, chama cha KAU kilikuwa kimekwisha pigwa marufuku tangu 1953. Vyama vya Waafrika viliporuhusiwa tena mwaka 1955 viliruhusiwa kwa kila wilaya peke yake, na katika Jimbo la Kati havikuruhusiwa hata kidogo. Kwa hiyo waliosimama katika Jimbo la Kati wote walikuwa, kwa maneno ya leo, wagombea huru.

Wala haikuwa kura ya watu wote. Mpiga kura alitakiwa kuwa na elimu, au mali, au utumishi wa kiasi fulani, na wengine walikuwa na kura mbili au hata tatu. Watu wa Kikuyu, Embu na Meru walitakiwa zaidi ya hayo kuwa na hati ya uaminifu kwa Serikali ya wakati ule. Wengi walinyimwa hati hizo, na kwa sababu hiyo watu wa Meru walikuwa na sehemu kubwa ya wapiga kura wa jimbo zima. Bwana Bernard Mate wa Meru alichaguliwa, akamshinda Bwana Eliud Mathu, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza hilo mwaka 1944. Tunajifunza hapo kwamba hata pasipo vyama, kanuni za uchaguzi ndizo zinazoamua nani apate nafasi na nani aikose.

Baada ya Uhuru mlango ule ulifungwa. Mwaka 1966, Bwana Oginga Odinga na wenzake walipotoka KANU na kuunda KPU, sheria ilibadilishwa ili mjumbe anayehama chama akiache kiti chake na kurudi kwa wapiga kura. Mwaka 1968 Katiba ilibadilishwa tena, na tangu hapo hakuna mtu aliyeweza kusimama pasipo kupendekezwa na chama. Mwaka 1982 sheria ikasema chama ni kimoja tu. Vyama vingi viliporudishwa mwezi wa Desemba 1991, mgombea huru hakurudishwa pamoja navyo. Alingoja mpaka Katiba mpya ya tarehe 27 Agosti 2010. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 40 mwananchi aliyekataliwa na wakuu wa vyama hakuwa na njia nyingine ya kuomba kura.

HESABU YA MERU

Sasa tuiangalie kanuni yenyewe. Tufikiri juu ya ushirika wa kahawa wenye wanachama 100 wanaomchagua mwenyekiti. Wagombea ni watatu. Wa kwanza apata kura 42, wa pili 36, wa tatu 22. Nani mshindi? Ikiwa kanuni yasema mwenye kura nyingi ndiye mshindi, basi wa kwanza ameshinda, ingawa watu 58 katika wale 100 hawakumtaka yeye. Wale 58 hawakuweza kumzuia kwa sababu waligawanyika.

Hivi ndivyo Gavana anavyochaguliwa Kenya. Katiba yasema mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi. Haimtaki apate nusu. Katika Meru mwaka 2022 Bibi Mwangaza alipata kura 209,148. Bwana Linturi, aliyesimama kwa chama cha UDA, alipata 183,859. Bwana Murungi, aliyesimama kwa chama cha DEP, kile cha alama ya basi, alipata 110,814. Ukizijumlisha kura za mabwana hao wawili, ni 294,673, nazo ni nyingi kuliko za Bibi Mwangaza. Lakini hazikuwa katika kikapu kimoja. Chama kimoja kilikuwa upande wa Kenya Kwanza, na kingine kilikuwa upande wa Azimio, na kila kimoja kilivuta kwake.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba mgawanyiko peke yake ulitosha. Wagombea huru ni wengi kila uchaguzi, na walio wengi hushindwa. Bibi Mwangaza alikuwa na jambo ambalo wengi hawana: alikuwa amekwisha ishinda kaunti nzima mara moja. Mwaka 2017 alichaguliwa kuwa Mwakilishi wa Wanawake, naye wakati huo pia alikuwa mgombea huru. Kiti hicho huchaguliwa na wapiga kura wa kaunti yote, tangu Igembe mpaka Imenti Kusini. Kwa muda wa miaka mitano alitembea vijijini na mpango wake wa Okolea wa kuzisaidia jamaa maskini, na watu wakamfahamu kwa uso na kwa jina. Kazi ambayo chama humfanyia mgombea wake, yeye alikuwa ameifanya mwenyewe.

Jirani zao wa Embu wameonyesha jambo lililo karibu na hilo, nalo ni nguvu ya chama kidogo. Mwaka 2017 Bwana Lenny Kivuti aligombea Ugavana kwa chama cha Maendeleo Chap Chap, akashindwa na Bwana Martin Wambora wa Jubilee kwa kura zisizofika 1000. Mwaka 2022 alijaribu tena, safari hii kwa DEP, akashindwa na Bibi Cecily Mbarire wa UDA kwa kura elfu tatu na kitu. Vyama hivyo vilikuwa vidogo mbele ya Jubilee na UDA, lakini katika kaunti moja, pamoja na mtu anayejulikana, tofauti ilikuwa ndogo sana. Katika mwaka ule ule Bwana Geoffrey Ruku alipata Ubunge wa Mbeere Kaskazini kwa chama cha DP, ambacho nacho hakikuwa chama kikubwa. Mahali padogo mtu aweza kuwa mkubwa kuliko chama.

HESABU YA NCHI NZIMA

Kwa Urais hesabu hubadilika kabisa. Mgombea atakiwa apate zaidi ya nusu ya kura zote, na tena apate robo ya kura katika kaunti zaidi ya nusu, yaani kaunti 24. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, wawili walio mbele hurudi kwa wapiga kura mara ya pili katika muda wa siku 30.

Katika kanuni hii, kupendwa sana nyumbani hakutoshi. Mwaka 2022 wapiga kura walioandikishwa nchini walikuwa zaidi ya 22,000,000. Wale wa Meru hawakufika 800,000, na wale wa Embu hawakufika 350,000. Kama watu wote wa kaunti hizi mbili wangalijitokeza siku ile, pasibaki hata mgonjwa kitandani, na wote wakampa mtu mmoja, angalikuwa na kura kama 5 katika kila 100 za walioandikishwa. Angalibaki mbali sana na nusu, na kaunti zake zingalikuwa mbili, si 24.

Tena kuna gharama ya upana. Mwaka 2022 vituo vya kupigia kura vilikuwa zaidi ya 46,000. Anayetaka kura zake zilindwe huhitaji kuwa na wakala katika kila kituo, tangu Moyale mpaka Vanga. Chama kikubwa kina wagombea wa Ubunge na wa wadi kila mahali, nao wana watu wao wa kusimamia kura. Mgombea huru wa Urais hana hao. Isitoshe, Serikali huvisaidia vyama kwa fedha kutoka katika Mfuko wa Vyama vya Siasa kwa kadiri ya kura na viti vyao. Mtu peke yake hapewi. Kidole kimoja, wasema wazee, hakivunji chawa.

Kwa sababu hizi wengi wenye nia ya Urais huona heri kuingia katika muungano kuliko kusimama peke yao. Bwana Justin Muturi wa Mbeere, aliyekuwa Spika wa Bunge la Taifa, alitangaza nia yake ya kugombea Urais wa 2022 kwa chama cha DP. Lakini kabla ya uchaguzi alijiunga na Kenya Kwanza, na baadaye akawa Mwanasheria Mkuu. Mwaka huo hapakuwa na mgombea huru hata mmoja katika karatasi ya Urais. Majina yalikuwa manne tu, na yote yalikuwa ya watu wa vyama.

MFANO WA MAREKANI

Huenda msomaji akafikiri kwamba jambo hili ni la Kenya peke yake. Sivyo. Marekani ni nchi ambayo imechagua Marais kwa zaidi ya miaka 200, na George Washington, Rais wao wa kwanza, ndiye peke yake aliyechaguliwa bila kuwa mtu wa chama. Tangu mwaka 1852 kila uchaguzi wa Rais umeshindwa na mmoja wa vyama viwili, Democratic au Republican, au na mtu wa Whig kabla ya hapo.

Sababu ni kanuni yao. Wamarekani hawahesabu kura za nchi nzima katika chungu kimoja. Kila jimbo hupewa idadi yake ya wajumbe wa kumchagua Rais. Wajumbe wote ni 538, na anayetaka kushinda hana budi kupata 270. Katika majimbo 48 kati ya 50, anayeongoza huchukua wajumbe wote wa jimbo hilo. Wa pili hapati kitu, wala wa tatu.

Turudi kwenye ushirika wetu wa kahawa. Tuseme ziko shirika 10, kila moja ina wanachama 100, na kila moja yatuma mjumbe mmoja kwenda kumchagua mwenyekiti wa muungano wao. Mtu mmoja apata kura 19 katika kila ushirika. Jumla yake ni kura 190, lakini kwa kuwa hakuongoza popote, hana mjumbe hata mmoja. Mtu mwingine apata kura 60 katika ushirika mmoja tu, na mahali pengine hapati kitu. Huyo mwenye kura 60 ana mjumbe, na mwenye kura 190 hana.

Mambo haya yametokea kweli. Mwaka 1992 tajiri mmoja wa Texas, Bwana Ross Perot, aligombea akiwa huru. Alipata kura zaidi ya 19,700,000, yaani karibu 19 katika kila 100. Wajumbe wake walikuwa sifuri. Lakini mwaka 1968 Bwana George Wallace, aliyesimamia ubaguzi wa rangi kwa chama cha tatu, alipata kura karibu 10,000,000 tu, na wajumbe 46, kwa sababu kura zake zilikuwa zimekusanyika katika majimbo ya kusini na akaongoza katika matano. Hata Bwana Theodore Roosevelt, aliyekwisha kuwa Rais, alipotoka katika chama chake na kusimama kwa chama kipya mwaka 1912, alipata wajumbe 88 tu. Yeye na Rais Taft, aliyekuwa rafiki yake zamani, waligawana kura za upande wao, na mtu wa chama cha pili, Bwana Woodrow Wilson, akapita katikati na kushinda. Hivi karibuni, Bwana Robert Kennedy mdogo alitangaza mwaka 2023 kwamba atagombea akiwa huru. Mwezi wa Agosti 2024 aliacha, akamwunga mkono Bwana Donald Trump.

JE, KURA HUPOTEA?

Hapa ndipo mpiga kura huingiwa na wasiwasi. Husema, "Nikimpa huyu ninayempenda, naye hana nafasi, je, sijamsaidia yule nisiyempenda kabisa?"

Jibu ni kwamba yategemea kanuni. Mwaka 2000, katika jimbo la Florida, Bwana George Bush alimshinda Bwana Al Gore kwa kura 537 tu, na kwa jimbo hilo akapata Urais. Katika jimbo lile lile Bwana Ralph Nader, mgombea wa chama kidogo, alikuwa amepata kura zaidi ya 97,000. Wengi wanaamini kwamba laiti Bwana Nader asingalisimama, sehemu ya watu hao wangalimpa Bwana Gore. Huko hakuna kura ya pili. Mtu akichagua mara moja, imekwisha.

Katika Urais wa Kenya kuna kura ya pili. Mwaka 2022 Bwana William Ruto alipata kura 7,176,141, akaizidi nusu kwa kura 70,000 hivi. Wagombea wawili wadogo, Bwana George Wajackoyah na Bwana Waihiga Mwaure, walipata jumla ya kura 93,956. Kama watu 70,000 au zaidi kidogo waliomchagua Bwana Ruto wangaliwapa hao wadogo, nchi ingalirudi kupiga kura tena kati yake na Bwana Raila Odinga, na kila mtu angalipata nafasi ya kuchagua kati ya wawili. Kwa hiyo katika Urais wa Kenya mtu aweza kumpa mgombea mdogo kura yake ya kwanza, na bado asikose sauti katika mwisho wa shauri ikiwa hakuna aliyepita nusu.

Lakini katika kiti cha Gavana, Seneta, Mbunge, Mwakilishi wa Wanawake na wa wadi, hakuna kura ya pili. Hapo mgawanyiko hufanya kazi yake mara moja, kama Florida.

BAADA YA KUSHINDA

Limebaki jambo moja ambalo husahauliwa katika furaha ya ushindi. Gavana hatawali peke yake. Bajeti yake hupitishwa na bunge la kaunti, na mawaziri wake hukubaliwa au kukataliwa na bunge hilo. Meru ina wadi 45, na pamoja na wajumbe walioteuliwa, bunge lake lilikuwa na watu 69. Viti vya kuteuliwa hugawiwa vyama kwa kadiri ya viti vilivyoshinda. Gavana aliye huru hana orodha ya kuteua. Bibi Mwangaza aliingia ofisini akiwa na kura za wananchi nyingi, lakini ndani ya bunge hakuwa na chama chake cha kumtetea.

Sheria inasema theluthi mbili za wajumbe wa kaunti zikikubaliana, zaweza kumshtaki Gavana mbele ya Seneti. Katika Meru theluthi mbili ni watu 46. Wajumbe walimshtaki Bibi Mwangaza mwezi wa Desemba 2022, wakarudia Oktoba 2023, na tena Agosti 2024. Mara mbili za kwanza Seneti haikumwondoa. Mara ya tatu Seneti ilikubali aondolewe. Yeye aliyakana mashtaka na kwenda mahakamani. Mwezi wa Machi 2025 Mahakama Kuu ilikataa maombi yake, na naibu wake, Bwana Isaac Mutuma, akaapishwa kuwa Gavana. Kazi yetu hapa si kuamua juu ya mashtaka hayo. Ila mtu yeyote aweza kuona kwamba kwa muda wa zaidi ya miaka miwili nguvu nyingi za kaunti zilitumika katika mashauri hayo, na anayengoja dawa katika zahanati au daraja katika kijiji chake hakuzifaidi.

Hata hivyo haki yataka tuseme upande wa pili. Chama si ngao isiyotobolewa. Mwaka 2014 Bwana Martin Wambora wa Embu alikuwa Gavana wa kwanza nchini kushtakiwa na kuondolewa na Seneti, ijapokuwa alichaguliwa kwa chama cha TNA, kilichokuwa katika Serikali. Mahakama ndizo zilizomwokoa, na mwaka 2017 akachaguliwa tena. Gavana awe wa chama au awe huru, asipokuwa na maelewano na wajumbe, njia yake ni ya miiba.

KARATASI SITA

Siku ya uchaguzi mkuu mpiga kura wa Tigania au wa Runyenjes hupewa karatasi sita. Kwa rangi zaonekana tofauti, lakini watu wengi huzitumia kana kwamba zote zina kanuni moja, wakifuata wimbi moja tangu juu mpaka chini. Kumbe moja ina kanuni ya nusu na kura ya pili, na tano zina kanuni ya mwenye kura nyingi.

Basi anapomfikiria mgombea huru, au mgombea wa chama kidogo, afadhali ajiulize maswali haya. Kwanza, kiti hiki huamuliwa kwa nusu au kwa wingi tu? Pili, mtu huyu ajulikana mahali pote kura zinapotoka, au kijijini kwake tu? Tatu, amepata kufanya kazi gani ambayo twaweza kuiona kwa macho? Nne, akishinda, atafanya kazi na nani katika bunge, na je, nimemchagua mjumbe wa wadi ambaye ataweza kuongea naye?

Swali hilo la nne ndilo lililo zito kuliko yote, na ndilo linaloulizwa mara chache. Mtu anayemtaka Gavana huru yampasa aiangalie karatasi ya wadi kwa uangalifu ule ule anaouangalia ugavana. Mlango wa pili uliofunguliwa mwaka 2010 ni wa kila mwananchi, nao ni haki yenye thamani, kwa maana huwafanya wakuu wa vyama wakumbuke kwamba wapiga kura waweza kupita kando yao. Lakini aliyepita katika mlango huo akiwa peke yake atakuta ndani watu wengi, na hao pia wamechaguliwa na sisi.